Orodha ya Mali, Chumba cha Upishi

Mkuu wa shule amesema mwisho Ijumaa,
maana kompyuta zimeshafika Mbeya mjini
zinangoja mvua ipungue ndipo zipande Tukuyu.
(Mvua ya Tukuyu ipungue! Mkuu ni mgeni, mtu wa Dodoma.)
Basi nimekaa sakafuni na fomu ya safu tatu:
kifaa, idadi, hali.

Majiko ya chuma, manne. Kutu.
Yalikuja kwa lori enzi za wamisheni;
yalipopita Isyonje, wakulima waliacha majembe
wakauliza, mashine hizo zinasaga nini.
Uma, thelathini na moja. Visu, ishirini na vinane, butu.
Meza ya mwalimu, moja, mguu mmoja ni tofali.

Nyuma ya droo, daftari.
Atuganile Mwakalinga, darasa la saba, 1957.
Mwandiko umelalia upande mmoja kama mahindi baada ya upepo.
Kutandika meza ya watu sita:
uma kushoto, kisu kulia, kitambaa kikunjwe kama kofia ya askofu.
Kwao walikula watu kumi na mmoja, mbalaga juu ya jani,
mkono wa kulia, mkono wa kulia, mkono wa kulia.
Bibi Mzungu kampa saba kati ya kumi
na wino mwekundu: Maua hayapo.

Sijui kama alicheka.
Lengo la somo limebandikwa ndani ya jalada:
kumwandaa msichana awe mke wa mchungaji, wa mwalimu, au wa karani.
Kwamba awe karani mwenyewe, hakuna aliyeandika.

Lakini ligeuze daftari kichwa chini, lianze upya kutoka nyuma.
Hapo ni mtu mzima, anaandika kwa penseli;
amerudi shuleni hapa kuwa matroni.
Bei ya maziwa. Debe la maharage. Deni la Subilaga, halijalipwa.
Keki: sufuria ndani ya sufuria, mchanga chini, makaa juu ya mfuniko.
Oveni ya kwake hakuwahi kuwa nayo,
mchanga wa Kiwira alikuwa nao.
Kisha herufi kubwa, zimepigiwa mstari mara mbili:
CHUMVI NUSU KIJIKO. SUKARI SITA. MAJI LITA, YALIYOCHEMKA.
Na chini yake watoto: Lwitiko. Ambakisye. Mapacha wa Sekela.
Lusekelo, ubavuni msalaba mdogo:
walichelewa kumleta.

Kijiko walichomfundishia kupima kastadi
ndicho alichozunguka nacho mlango kwa mlango
mwaka ule wa kuhara.

Mimi nililikuta somo limeshabadili jina, Sayansikimu,
limevaa koti jeupe, lina wanga na protini na mtihani wa taifa,
lina bustani ya soya tuliyoipalilia tukisinzia.
Mwaka wetu waliingia wavulana wawili, wakazomewa hadi bwenini.
Mmoja, Asajile, leo ana cherehani saba pale Mwanjelwa
na sare za waliomzomea, za watoto wao yaani,
anazishona yeye, na bei hapunguzi.

Mwaka jana walilichagua wanne.
Mwaka huu mmoja, na mama yake amemwambia aache,
kupika atajifunza nyumbani.
Kama vile nyumbani kulijifunza lenyewe.
Sikatai kompyuta. Binti yangu anazililia.
Ila fomu hii haina safu ya nilichotaka kuandika.

Vijiko vya chai. Kumi na tisa.
Nimehesabu tena.
Kimoja kimepinda shingo, mpini umesuguliwa hadi nakshi imekwisha,
na mgongoni, kwa ncha ya msumari: A.M.

Mvua inapiga bati, haina habari na Ijumaa.
Nimeandika: vijiko vya chai, kumi na vinane. Vizima.
Nimeweka sahihi, nimefunga mlango.
Mfuko wa sketi una uzito kidogo,
kama wa chumvi kwenye lita.